Kocha wa Siku Hizi ni Breki: Venye Wakali Wetu wa Mbio Hufunzwa Kujizuia Ndio Washinde

Ingia TikTok saa hii utafute Iten. Utapata mavideo kibao: vumbi nyekundu, jua ndio linachomoza, mbogi ya wakimbiaji inapita mbio, na ngoma imewekwa hapo nyuma. Chini wameandika vitu kama "hakuna kulala". Ukicheki kumi hivi, unatoka ukiamini kitu moja: bingwa ni yule anajiua na mazoezi kuliko wengine, na kocha mkali ni yule anapiga kelele zaidi.

Sasa skiza venye makocha wa wale wakali wa ukweli huongea. Story inabadilika kabisa. Kijana ametoka kwao, ameacha kila kitu, na anajua mbio moja tu huko majuu inaweza jengea mathake nyumba. Huyo hahitaji mtu wa kumsukuma, ashajisukuma hadi mwisho. Mwenye anamhitaji ni mtu wa kumshika shati na kumwambia, "Leo hapo tu, inatosha."

Kazi kubwa ya kocha wa kisasa ni kushika breki. Hiyo breki ndiyo inatenganisha msee atakimbia miaka 20 na yule anapotea baada ya misimu 2. Wacha tuone inafanya kazi aje.

Kipchoge hamalizi gia mazoezini

Tuanze na Eliud Kipchoge. Amefanyia kazi yake Kaptagat, karibu na Eldoret, mita 2,400 hivi juu ya bahari. Kocha wake ni Patrick Sang, yule alileta fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa Olimpiki ya Barcelona 1992. Wawili hawa wametoka mbali. Kipchoge alikuwa kijana tu wa Nandi akimwomba Sang programu ya mazoezi, na 2003 akiwa na miaka 18 akabeba dhahabu ya dunia ya mita 5,000 kule Paris mbele ya Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele. Miaka 19 baadaye, akiwa na 37, alivunja rekodi ya dunia ya marathoni Berlin kwa 2:01:09. Mwili moja, kocha moja, karibu miongo 2.

Wiki yake ikoje? Jumanne ni treki. Alhamisi ni mbio ndefu, kilomita 30 au 40. Jumamosi ni fatleki, yaani unakaza dakika kadhaa, unaachilia kidogo, unakaza tena. Siku zingine ni kukimbia pole, asubuhi na jioni. Ukijumlisha unapata kilomita 200 na kitu kwa wiki. Ni mingi, hakuna kupinga.

Lakini chunguza hapa. Kipchoge amesema kwa mahojiano kwamba mazoezini hajaribu kufika asilimia 100. Zile siku 3 ngumu anaenda kama asilimia 80. Siku zingine, 50. Mia yenyewe anaiwekea siku ya mbio.

Halafu kila kitu anaandika kwa daftari, kwa mkono, tangu siku za kwanza na Sang. Daftari, buda. Si app. Akitaka kujua mwili ulikuwa aje kabla ya mbio fulani, anafungua kurasa anasoma.

Slabu haijakauka

Kwa nini 80 ishinde 100? Hapa ndio watu wengi huchanganyikiwa, kwa sababu tunadhani mazoezi ndiyo hujenga mwili. Kusema ukweli, mazoezi hubomoa. Ukikimbia mbio ngumu, nyuzi ndogo za misuli zinapasuka, sukari iliyohifadhiwa inaisha, kano zinachoka. Unatoka hapo ukiwa mnyonge kuliko venye uliingia. Ujenzi unafanyika baadaye, ukiwa umekula na umelala.

Fikiria mjengo. Fundi akimwaga slabu leo, hawezi pandisha ukuta kesho asubuhi. Slabu inamwagiwa maji, inaachwa, inashika. Ukiharakisha kwa sababu landlord anataka wapangaji, jengo litasimama kwa muda, litakaa poa kwa picha, alafu siku moja linaketi chini. Hiyo story Nairobi tunaijua vizuri sana.

Mguu wa mkimbiaji ni hivyo hivyo. Misuli na mapafu hujengeka haraka, wiki chache tu unajiskia fiti. Mifupa na kano huchukua miezi. Kwa hivyo kuna kipindi hatari sana ambapo injini imekuwa kubwa kuliko chesisi. Kijana anajiskia anaweza kila kitu, na hapo ndipo mfupa wa mguu unapata ufa. Kocha mwenye akili anamzuia wakati anajiskia poa zaidi. Ni ngumu kuelezea mtu wa miaka 19, lakini ndiyo kazi.

Na ndio maana mtu akitembelea kambi za Bonde la Ufa hushtuka kuona mabingwa wakianza mbio za asubuhi kama wanaenda dukani. Mtu ambaye marathoni anachapa kila kilomita kwa dakika 2 na sekunde 52 hivi, anaanza mdogo mdogo, kwa kasi ambayo hata wewe na mimi tungemshikilia kwa kilomita ya kwanza. Siku ya pole kwao ni pole ya ukweli.

Norway walileta sindano, kazi ikabaki ile ile

Agosti 7, 2021, fainali ya mita 1,500 Olimpiki ya Tokyo. Timothy Cheruiyot wetu, bingwa wa dunia wa 2019, alikuwa amemshinda Jakob Ingebrigtsen wa Norway zaidi ya mara 10. Siku hiyo Jakob akamgeuzia kibao: dhahabu kwa 3:28.32, rekodi ya Olimpiki, Timo akachukua fedha. Watu wakaanza kuuliza, hawa Wanorway wanakula nini?

Jibu liko kwa damu. Ukikimbia kwa nguvu, mwili unatengeneza kitu kinaitwa lakteti. Ukienda pole, mwili unaitumia yote bila shida. Ukipita kasi fulani, inaanza kujaa kuliko venye mwili unaweza kuiondoa, na hapo ujue uko karibu kukatika. Hiyo kasi ya mpaka ndiyo dhahabu. Ukifanya mazoezi chini yake kidogo tu, unapata faida kubwa na hauchoki vibaya, kwa hivyo unaweza rudia kesho kutwa.

Marius Bakken, mkimbiaji wa Norway wa mita 5,000 ambaye baadaye alikuwa daktari, aliitumia hii kitu kwa mwili wake miaka ya 2000 hivi. Badala ya kubahatisha, wanadunga sikio ama kidole katikati ya mazoezi, wanatoa tone la damu, wanalipima kwa kamashine kadogo. Wanalenga namba kati ya 2 na 4. Ikipita, mtu anaambiwa apunguze. Kwa sababu hawajichoshi kupita kiasi, wanaweza fanya mazoezi ya mpaka mara 2 kwa siku moja, asubuhi na jioni.

Umeona hiyo mashine inafanya nini? Haimwambii mtu akimbie mbio zaidi. Inamwambia akimbie pole kidogo. Ni breki ya kununua dukani.

Hapa kwetu wengi hawana hiyo mashine. Kocha anasoma vitu vingine: pumzi, mabega yamepanda ama yametulia, mguu unagonga chini aje, kijana anaongea ama amenyamaza. Brother Colm O'Connell alikuja Iten 1976 kutoka Ireland kufunza jiografia pale St Patrick's, na hakuwa kocha wa riadha hata kidogo. Alijifunza kwa kuangalia. Jicho hilo hilo ndilo lilimlea David Rudisha hadi 1:40.91 kwa mita 800, London, Agosti 9, 2012, na hadi leo hakuna amekimbia haraka kuliko hapo.

Na sprinta je?

Utasema hizo ni za masafa marefu. Sawa, tuje kwa mita 100. Ferdinand Omanyala alichapa 9.77 Kasarani, Septemba 18, 2021, rekodi ya Afrika. Mbio zake zinaisha kabla umalize kupiga chafya, lakini sheria ni ile ile.

Sprinta hukimbia mara chache na kupumzika dakika nyingi katikati. Ukienda uwanjani unaweza dhani amekuja kupiga story. Lakini kasi ya juu inatoka kwa mishipa ya fahamu, na mishipa ikichoka mwili unaanza kujifunza kukimbia vibaya. Kocha anashika saa. Taimu zikianza kuanguka, mazoezi yameisha, hata kama kwa karatasi zilikuwa zimebaki raundi 3. Hakuna kuongeza "ya mwisho". Ile ya mwisho ndiyo huchana msuli wa paja.

Kiptum, na swali ambalo halitajibiwa

Kuna mtu alifanya tuulize kama hii theori yote ni kweli. Kelvin Kiptum. Marathoni yake ya kwanza, Valencia, Desemba 2022: 2:01:53. Ya pili, London, Aprili 2023: 2:01:25. Ya tatu, Chicago, Oktoba 8, 2023: 2:00:35, rekodi ya dunia. Marathoni 3 tu, na akawa mtu wa kwanza kwenda chini ya 2:01 kwa mbio rasmi.

Kocha wake alikuwa Gervais Hakizimana, Mnyarwanda. Hakizimana alieleza wanahabari kwamba Kiptum alikuwa akikimbia kilomita 250 na zaidi kwa wiki, wakati mwingine kupita 280, wiki baada ya wiki. Lakini kuna sehemu ya hayo mahojiano ambayo watu husahau. Kocha mwenyewe alisema ana wasiwasi. Alisema amemwambia kijana apunguze, kwa sababu akiendelea hivyo ndani ya miaka 5 atakuwa amemalizika.

Yaani hata nyuma ya yule mtu alionekana hana breki, kulikuwa na mtu anaishika.

Februari 11, 2024, wote wawili walifariki kwa ajali ya gari karibu na Kaptagat. Kiptum alikuwa na miaka 24. Ajali haikuhusiana na mazoezi kwa vyovyote. Ilituachia tu swali bila jibu: huo mwili ungefika wapi, na nani kati yao alikuwa sahihi? Hatutajua. Chenye tunajua ni kwamba vijana wengi walisikia zile 280 wakazichukua kama programu, na lile onyo la kocha likabaki nyuma.

Huko chini breki hakuna

Hapa ndio story inauma. Mabingwa wana kambi, kocha, daktari wa misuli, mpishi. Lakini Iten imejaa vijana wenye hawana hata moja ya hizo. Mtu amekuja na viatu pea moja na kodi ya miezi 2. Alhamisi asubuhi kuna fatleki maarufu pale, iko wazi kwa kila mtu, na siku zingine wanajaa mia na zaidi barabarani. Ndani ya hiyo mbogi kuna wazito, na pengine kuna mtu wa meneja anaangalia.

Sasa wewe ukiwa huyo kijana, utakimbia asilimia 80? Utaachilia? Hapana. Utakimbia kama fainali, kwa sababu kwako hiyo ni fainali. Jumamosi tena fainali. Jumanne tena. Kila wiki fainali 3, na hakuna hata moja inalipa. Baada ya mwaka mguu umekataa, na anarudi nyumbani akiambiwa hakuwa na talanta. Pengine talanta ilikuwa mingi. Alikosa tu mtu wa kumwambia asubuhi moja, "Leo lala."

Na uchovu huo ndio mlango wa dawa. Ukiishi milimani, hewa iko na oksijeni kidogo, kwa hivyo figo zako zinatoa homoni inaitwa EPO, na EPO inaambia mifupa itengeneze chembe nyekundu za damu zaidi. Ndio maana wazungu wanapanda ndege kuja kulala kwetu. Hiyo kazi inachukua muda. Kuna watu wanauza EPO ya sindano, wanakuambia utapata ya mwaka mzima kwa wiki chache. Mtu amechoka, ana deni, kodi imefika, na hakuna kocha wa kumweleza kwamba mwili unahitaji usingizi tu. Unaona venye inaenda.

Siku hizi kuhepa ni ngumu. Wapimaji wanaweka rekodi ya damu yako kwa miaka, wanalinganisha, na ikiruka ghafla wanajua kuna kitu. Mwisho wa 2022 Kenya ilikuwa karibu kufungiwa nje kabisa, hadi serikali ikaahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka 5 kupigana na doping. Na bado ngori haijaisha. Ruth Chepngetich, aliyekimbia marathoni 2:09:56 Chicago Oktoba 2024, alifungiwa miaka 3 mwaka wa 2025 baada ya sampuli yake ya Machi kupatikana na HCTZ, dawa ya kutoa maji mwilini ambayo imekatazwa kwa sababu inaweza ficha zingine.

Dishi pia ni mazoezi

Breki nyingine ambayo makocha wa zamani hawakuwa wanaiongelea ni chakula. Kulikuwa na ile imani kwamba mkimbiaji mwepesi zaidi ndiye mkali zaidi, kwa hivyo punguza dishi. 2014 madaktari wa Kamati ya Olimpiki walilipa hilo tatizo jina, RED-S. Maana yake ni kwamba mwanariadha anatumia nguvu mingi kuliko chenye anakula, na mwili unaanza kuzima vitu moja moja kama KPLC.

Kwa dem, dalili kubwa ni hedhi kupotea. Zamani wengine walikuwa wanaambiwa hiyo ni ishara mazoezi yameingia. Ni uongo hatari. Homoni zikishuka, mifupa inakuwa dhaifu, na unaweza vunjika mguu ukiwa na miaka 20. Kocha wa kisasa anauliza hilo swali bila haya, ama anaweka mama ama dada kwa timu mwenye anaweza kuuliza. Na vijana wa kiume pia inawashika, hata kama hawana dalili hiyo.

Cheki Faith Kipyegon, pia wa Kaptagat na Sang. Alijifungua 2018. Hakuharakishwa. 2021 akatetea dhahabu yake ya Olimpiki ya mita 1,500, akairudia Paris 2024, na Julai 2025 akaweka rekodi ya dunia ya 3:48.68. Mtu alipewa nafasi mwili urudi, na ukarudi na moto.

Kwa marathoni hata tumbo linafunzwa. Sukari mwili unahifadhi inaelekea kuisha kilomita ya 30 na kitu, ndipo wengi wanagonga ukuta. Kwa hivyo wakali wanazoea kunywa wanga wakiwa mbioni, kidogo kidogo kwa miezi, ndio siku ya mbio tumbo lisiwaaibishe.

Na zile viatu?

Ndiyo, viatu vinasaidia. Povu jepesi na bamba la kaboni ndani vimebadilisha mbio tangu 2017. Lasers pia, waweka kasi pia. Kipchoge alipokimbia 1:59:40 Vienna, Oktoba 12, 2019, alikuwa na waweka kasi 41 wakipishana na gari likimulika barabara. Ndio maana haikuhesabiwa rekodi.

Lakini hizo vitu zinaongeza juu ya kitu tayari kipo. Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kuangalia YouTube, na watu hupenda kuishia hapo. Wanasahau kwamba baadaye alienda Kuortane, Finland, mahali kuna makocha wa mkuki, kabla ya kurusha mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia Beijing 2015. Video inakuonyesha chenye bingwa anafanya. Haiwezi kukuona wewe.

Kama unatafuta kocha

Pengine unajitayarishia half yako ya kwanza, ama una mdogo wako shuleni anakimbia vizuri na mwalimu amesema ana kitu. Kuna maswali machache ya kuuliza kocha yeyote kabla umpe huo mwili.

Muulize siku ngumu ni ngapi kwa wiki. Akisema zote, hepa. Hata wazito wanafanya 2 au 3. Muulize siku ya pole inafaa kuwa aje, na jibu zuri ni kwamba unafaa kuweza kupiga story ukikimbia, sentensi nzima bila kukata. Muulize anaandika wapi chenye umefanya. Kama ni mtoto wa chini ya miaka 18, muulize anamtayarishia mbio za mwaka huu ama za miaka 8 ijayo. Akikupa dawa ama sindano bila karatasi ya daktari, usiulize lingine.

Na baada ya miezi 3, jiulize wewe mwenyewe swali moja. Huyu kocha amewahi nirudisha nyumbani nikiwa bado nataka kuendelea? Kama jibu ni ndiyo, hata kama ulikasirika siku hiyo, shikilia huyo mtu.